AGNES POCKELS NA KARAI LA VYOMBO

Kila jioni nikitoka shule mimi huosha vyombo. Maji yetu hapa Mbumbuni tunayachimba mchangani mtoni, kwa hivyo hayamwagwi ovyo. Mafuta yakielea kwenye karai, nami nikiyagusa na sabuni, yanakimbia! Nilidhani ni mchezo tu, hadi niliposoma habari za mama huyu.

Agnes Pockels alizaliwa tarehe 14 Februari 1862 mjini Venice, Italia. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa Austria. Malaria ikamdhoofisha, na mwaka wa 1871 jamaa yote ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes alipenda fizikia sana, lakini siku hizo vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wasichana. Mdogo wake, Friedrich, akaenda chuoni; yeye akabaki kuwauguza wazazi na kupika, akisoma vitabu alivyopewa na nduguye.

Je, alikata tamaa? Hata! Akiwa na miaka ishirini hivi alitengeneza chombo cha bati chenye urefu wa sentimita 70, akakijaza maji. Kwa ukanda wa bati alisukuma utando wa mafuta uliokuwa juu, na kwa kifungo kilichoning'inia kwenye mizani akapima jinsi uso wa maji unavyovuta. Aligundua kuwa utando ukibanwa kupita kiasi fulani, nguvu hiyo hupungua ghafla.

Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza, naye akaipeleka barua hiyo kwa jarida la Nature, likaichapisha Machi. Baadaye Irving Langmuir wa Marekani alikiboresha chombo kile, akapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1932. Mwaka huo huo Agnes, akiwa na miaka 70, alipewa shahada ya heshima. Alifariki tarehe 21 Novemba 1935.

Mbegu ile imezaa. Chembe ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Leo wanasayansi wana chembe za namna hiyo zenye florini, ambazo majini hujipanga zenyewe kuwa vifuko vidogo mno. Huvifunika kwa silika, madini yale yale ya mchanga wetu, kama mtu akandikaye udongo juu ya puto. Kifuko kikiondolewa, hubaki punje tupu ndani.

Wenzangu, muhula uliopita nilikaa nyumbani wiki tatu nikimwuguza nyanya, nikataka kuiacha fizikia. Sasa siiachi ng'o! Mvumilivu hula mbivu.