ALLIDINA VISRAM NA NIDHAMU YA BIASHARA

Miongoni mwa watu waliojipatia jina kubwa katika historia ya biashara ya Afrika ya Mashariki, Allidina Visram hana budi kutajwa. Maisha yake yana mafunzo kwa askari jeshi na polisi, hasa yule anayetazamia kufungua duka kwa kiinua mgongo chake atakapovua sare.

Alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, magharibi ya Bara Hindi. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12, alivuka bahari akafika Bagamoyo, hana mali wala elimu ya kutajika. Akatumika chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeipatia misafara ya bara wapagazi na bidhaa. Alitii amri za mwingine kwa miaka mingi kabla ya kupeleka misafara yake mwenyewe.

Biashara ya siku hizo haikumstahamili mtu wa pupa. Vitambaa, chumvi na ushanga vilipelekwa bara kwa mabega ya watu, na pembe za ndovu, nta na asali zikarudi pwani baada ya miezi mingi. Aliyetaka faida ya siku moja alifilisika. Allidina alifungua maduka kituo kwa kituo, Sadani, Tinde hata Ujiji, na Sewa Haji alipofariki mwaka 1897 yeye ndiye aliyeishika biashara yake. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipokuwa ikisonga mbele kuelekea ziwani, maduka yake yalisonga pamoja nayo.

Huko Buganda, Mengo palikuwa makao ya Kabaka, na jirani yake mji wa biashara wa Kampala ulikuwa ukikua. Mkataba wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba. Watu waliozoea kuhesabu simbi sasa walihitaji rupia, nao wakazipata kwa kuuza mazao na ngozi kwa wafanyabiashara wa aina yake. Pembe zilipopungua, Allidina hakuzing'ang'ania: aliingia katika pamba, akajenga viwanda vya kuichambua, vya kupasua mbao na vya soda, akaweka vyombo vyake katika Ziwa Victoria. Maduka yake yalizidi mia moja, hata katika Kongo.

Mtu mmoja hawezi kulinda maduka mia kwa macho yake. Kila duka lilikuwa na wakala aliyekabidhiwa mali na kudaiwa hesabu, kama askari wa zamu anavyokabidhiwa silaha na kudaiwa idadi yake. Pale ambapo mwenye duka hula mtaji akidhani anakula faida, daftari ndilo linalomwambia kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme kwamba nidhamu peke yake haikumtajirisha. Utawala wa kikoloni uliwafungulia njia wageni wenye mtaji, na mkulima wa Buganda akabaki kulima pamba asiyoruhusiwa kuichambua. Uchungu huo ulidumu hata mwaka 1949, wakulima walipokusanyika mbele ya jumba la Kabaka huko Mengo, wakidai, pamoja na mambo mengine, haki ya kuchambua pamba yao wenyewe. Ghasia zikafuata, na askari wakaitwa kuzizima.

Allidina alifariki mwaka 1916, baada ya kushikwa na homa katika safari ya biashara ya Kongo. Mwanawe Abdul Rasul alijenga shule ya sekondari mjini Mombasa kwa ukumbusho wa baba yake, ikafunguliwa mwaka 1923. Mwaka huo huo mwana naye akafa, na katika miaka ile ya 1920 biashara kubwa ile ikasambaratika. Shule ingalipo, maduka hayapo.

Hapo ndipo penye funzo kuu. Kikosi kinachomtegemea kamanda mmoja huvunjika siku aangukapo. Vivyo hivyo duka ambalo hesabu zake, wadeni wake na siri zake zimo kichwani mwa mwenyewe huzikwa pamoja naye. Askari anayetaka wajane na watoto wasiachiwe milango iliyofungwa na aandike kila senti leo, asikopeshe kwa kuoneana haya, atenge mtaji na posho ya nyumbani, na amfundishe mwenzake kulisoma daftari lile kabla hajaondoka.