Kocha mpya wa Old Moshi



Tangu Julai niko mwaka wa kichungaji katika parokia moja huku mlimani, na kazi ya kwanza niliyopewa na Paroko haikuwa katekesi. Ilikuwa timu ya mpira ya vijana. Frateri aliyenitangulia aliwapa kombe la dekania mara mbili mfululizo. Anajua mpira, anajua kuchekesha, watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wanamkimbilia akishuka tu kwenye bodaboda. Mimi nimekuja na digrii ya falsafa na goti bovu. Mechi tatu za kwanza tulifungwa mbili, sare moja. Hakuna aliyeniambia kitu usoni, ila kila nikipanga kikosi jina la yule frateri linatajwa pembeni, kwa sauti inayotosha nisikie.

Siku tulipofungwa mara ya pili, vijana wakaanza kubishana kuhusu makocha wakubwa. Wakamkumbuka David Moyes, aliyekabidhiwa Manchester United mwaka 2013 baada ya Sir Alex Ferguson kukaa pale zaidi ya miaka 26. Alipewa mkataba wa miaka 6 akadumu kama miezi 10. Ndipo beki wetu wa kulia, mtoto wa Old Moshi, akasema kwamba Moyes alifukuzwa tu na fidia akalipwa, shida yenyewe aliipata Mangi Meli.

Wote wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana ni mtu wa Kibosho. Kwetu Meli nilimsikia kama mtoto wa adui, basi. Usiku ule nikaanza kusoma habari zake, na hadi leo sijaacha.

Baba yake Meli ndiye Rindi, ambaye wageni wengi walimwita Mandara. Huyo ndiye Ferguson wa habari hii. Alitawala Moshi miaka mingi, kabla hata mji wa chini tunaouita Moshi leo haujakuwepo. Alikuwa na jicho moja, na kwa jicho hilo moja aliona mbali kuliko majirani zake wengi. Jeshi lake halikuwa kubwa kuliko yote mlimani. Nguvu yake ilikuwa maneno na wageni. Wafanyabiashara wa pwani, wapelelezi wa Kizungu, wamisionari wa Kianglikana waliofika kwake mwaka 1885, wote aliwapokea na kila mmoja akamfanya ajione rafiki yake wa pekee. Mwaka huohuo wa 1885 akaweka alama yake kwenye mkataba na watu wa Carl Peters. Mwaka 1889 wajumbe wake walifika mpaka Berlin.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mangi Sina wa Kibosho, na kiukweli kwa vita Sina alikuwa tishio. Kumshinda peke yake Rindi hakuweza. Februari 1891 Wajerumani chini ya Wissmann walipanda Kibosho na bunduki na mizinga, askari wao wengi wakiwa watu wa kukodiwa kutoka Sudan na kusini mwa Afrika, na wapiganaji wa Moshi wakaenda pamoja nao. Boma la Sina likaanguka. Kwa lugha ya mpira wetu wa mtaani, Rindi alichukua kombe kwa mamluki.

Mwaka huohuo akafariki, na Meli akakaa kwenye kiti akiwa bado kijana.

Jamani, hebu fikirini. Watu wake wametoka kuona ng'ombe wa Kibosho wakiingia Moshi. Wanataka ushindi uendelee. Lakini wale walioushinda mchezo hawakuwa wake, na hawakuwa na mpango wa kurudi kwao. Tena hawakumpenda kama walivyompenda baba. Mwaka uleule wa 1891 Carl Peters alihamishia kituo cha Wajerumani Marangu, kwa Mangi Marealle, ambaye naye alikuwa hodari wa kuongea na wageni, pengine kumzidi Rindi. Ujanja ambao Rindi aliutumia kwa Sina sasa ulikuwa mikononi mwa jirani, na wa kuchezewa alikuwa Meli.

Aristotle anafundisha kwamba kijana anaweza kuwa hodari wa hesabu, ila busara ya kutenda huja na miaka. Mwanzoni nilidhani ndiyo habari yote ya Meli: kijana mkali, amerithi kiti kikubwa, akaharibu. Nikamlinganisha na Rehoboamu katika 1 Wafalme 12, aliyewadharau wazee wa baba yake. Sasa sioni hivyo. Hata angekuwa na miaka 60, deni lilikuwa lilelile. Baba alimwachia ushindi wa mkopo.

Meli akachagua kusimama mwenyewe. Juni 1892 Wajerumani walipanda Moshi wakiongozwa na von Bülow, wakakuta watu wa Meli wanawasubiri na bunduki. Von Bülow akauawa, waliobaki wakarudi nyuma. Kwa muda kijana yule alikuwa amefanya jambo ambalo Rindi na Sina hawakuwahi kulifanya. Wamisionari wa Kianglikana ndio waliobebeshwa lawama, na mwaka uleule wakalazimika kuondoka Moshi.

Agosti 1893 von Schele akaja mwenyewe na jeshi kubwa zaidi. Safari hii Meli akashindwa, na hakuna mlima mzima uliosimama naye. Akaachiwa kiti, ila juu yake sasa kulikuwa na boma la Wajerumani palepale Moshi, na watu wake ndio waliotakiwa kufanya kazi. Aliishi hivyo zaidi ya miaka 6. Vitabu vinapita haraka sana hapa, na mimi hapa ndipo ninapomfikiria zaidi: mtu aliyewahi kushinda, anaamka kila siku kupokea amri kwa aliowashinda.

Mwishoni mwa mwaka 1899 zikaenea habari kwamba wamangi wanapanga uasi pamoja na watu wa Meru na Arusha. Wachagga wengi husimulia kwamba maneno hayo yalitoka Marangu. Kapteni Johannes hakusubiri. Tarehe 2 Machi 1900, Old Moshi, Meli alinyongwa pamoja na wengine 18. Wazee wanasimulia kwamba alichukua saa nyingi kufa.

Katika wale 18 alikuwemo Mangi Molelia wa Kibosho. Molelia ni mtoto wa Sina. Hili nyumbani sikuwahi kuambiwa, au niliambiwa nikiwa sisikilizi. Watoto wa mahasimu wawili, siku moja, mahali pamoja, amri ya mtu mmoja.

Inaaminika kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimewapata ndugu wa mafuvu machache yaliyotoka huku kwetu, mmojawapo Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Oktoba tulipanda na timu mpaka Tsudunyi kwenye ule mti. Beki wetu alikuwa mwenyeji, kwa hiyo maelezo alitoa yeye, mimi nikanyamaza, jambo ambalo walilifurahia. Tulisali fungu moja la rozari. Tukiwa njiani kushuka mmoja akauliza kama inaruhusiwa kumwombea mtu ambaye hakubatizwa. Nikamwambia asikilize vizuri Sala ya Ekaristi ya Nne, sehemu ya marehemu: Kanisa linawataja pia wale ambao imani yao inajulikana kwa Mungu tu. Akasema hiyo sala Paroko huwa haisomi kwa sababu ni ndefu. Sikuwa na jibu.

Novemba 2, daftari la marehemu lilikuwa mlangoni mwa kanisa. Beki akaandika Meli. Mimi nikaandika Molelia chini yake. Baada ya Misa nilipita tena nikakuta mtu ameongeza jina la tatu, mwandiko siujui: Marealle.

Kuhusu timu, nimegundua nusu ya kikosi kilichochukua makombe walikuwa wa kuazima kutoka parokia nyingine, na sasa wako vyuoni. Nimewaambia vijana tutacheza na sisi tuliopo. Jumamosi tunakutana na timu ya nyumbani kwetu Kibosho. Goti linauma, kikosi bado sijapanga, mtuombee.