HAYATI FRITZ ZWICKY: ALIYEPIMA UZITO WA VISIVYOONEKANA

Leo twawaletea wasomaji wetu maisha ya hayati Fritz Zwicky, mtaalamu wa elimu ya nyota, ambaye hoja yake ilipuuzwa na wenzake kwa karibu miaka arobaini, na ambayo hii leo hakuna mtaalamu wa fani hiyo awezaye kuikwepa.

Zwicky alizaliwa tarehe 14 Februari, 1898, katika mji wa Varna, nchini Bulgaria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mswisi. Alipofikia umri wa miaka sita alipelekwa kwa babu na bibi yake huko Glarus, Uswisi, ili asomee biashara. Lakini moyo wake ulivutwa na hesabu na fizikia. Alihitimu mjini Zurich, na mwaka 1925 akavuka bahari kwenda chuo cha Caltech, California, Marekani. Huko ndiko alikofanya kazi hadi uzeeni, ingawa uraia wa Uswisi hakuuacha kamwe.

Mwaka 1933 alielekeza fikira zake kwenye kundi la galaksi liitwalo Coma. Galaksi ni jamii ya nyota mabilioni kwa mabilioni, mfano wa Njia Nyeupe yetu. Nazo aghalabu hukaa kwa makundi. Kundi la Coma lina galaksi zaidi ya 1,000, nalo li mbali nasi kwa kiasi cha miaka ya nuru milioni 300. Zwicky aliona kwamba kasi za galaksi hizo zapishana kwa kilomita 1,000 kwa sekunde na zaidi. Jambo hilo lilimshangaza. Jiwe la kombeo, kadiri lizungushwavyo kwa kasi, ndivyo lihitajivyo kamba imara zaidi. Kamba ikiwa dhaifu, jiwe hupotelea mbali. Uzito wa nyota zote zilizoonekana haukutosha kuwa kamba ya mwendo ule. Basi, kwa hoja yake, lazima pawepo maada ya giza, isiyotoa nuru, iliyolishikilia kundi lote lisitawanyike.

Wengi hawakumsikiliza. Huenda ulimi wake ulichangia, maana alikuwa mkali, mwepesi wa kubishana, wala hakuwastahi wakubwa. Lakini kazi zake zilikuwa nyingi. Mwaka 1934, yeye na Walter Baade walieleza kwamba nyota kubwa ilipukapo huacha kiini kidogo kizito mno cha nyutroni. Viini hivyo vilikuja kugunduliwa mwaka 1967. Wakati wa vita aliongoza utafiti wa injini za roketi, na mwaka 1949 Serikali ya Marekani ikamtunukia nishani. Baada ya vita alikusanya vitabu na kuvipeleka kwa maktaba zilizobomolewa.

Tarehe 12 Desemba, 1970, siku ndugu zetu wa Kenya walipokuwa wakiadhimisha uhuru wao, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Setilaiti hiyo ilionyesha kwamba makundi ya galaksi yanatoa eksirei kutoka eneo pana mno. Mwaka 1976 setilaiti ya Ariel 5, iliyorushwa kutoka jukwaa lilo hilo, ilisaidia kuthibitisha chanzo chake: gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, iliyojaa baina ya galaksi.

Gesi hiyo ni nyembamba ajabu, chembe chache tu katika kila lita. Hata hivyo, galaksi ipitayo humo kwa kasi ile hupigwa na upepo mkali, kama vile mwendesha baiskeli apigwavyo na upepo usoni siku iliyo shwari, hata kofia ikaruka. Nyota hubaki mahali pake. Gesi ya galaksi ndiyo ichopolewayo, ikaachwa nyuma kama mkia mrefu. Na kwa kuwa nyota mpya huzaliwa kutokana na gesi, galaksi iliyonyang'anywa huacha kuzaa.

Je, gesi hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya Zwicky? La. Ilipopimwa ilionekana kuzizidi nyota zote kwa uzito mara kadhaa, lakini bado haikutosha. Ni kweli kwamba hesabu yake ya 1933 ilikuwa imezidi, kwani umbali wa galaksi ulikuwa haujapimwa sawasawa. Hata hivyo hoja ilisimama. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin alikuta upungufu ule ule ndani ya galaksi mojamoja. Leo wataalamu wanakadiria kwamba zaidi ya robo tatu ya uzito wa kundi kama Coma ni maada hiyo ya giza, na hakuna bado aliyeikamata chembe yake.

Zwicky alifariki tarehe 8 Februari, 1974, mjini Pasadena, akazikwa Mollis, katika jimbo la Glarus alikolelewa. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Naye, alipoziona galaksi zikielea pamoja, hakutosheka na kustaajabu; aliuliza ni nini kilichozifunga, akakipima asichokiona.