Sayyida Salme na Nyumba Zilizomlea

Wengi wanaomtaja Sayyida Salme, bintiye Seyyid Said bin Sultan wa Unguja, hutaja kutoroka kwake tu. Nyumba alizokaa hazitajwi, ilhali mambo yake mengi yalianzia humo.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, mamaye akiwa suria wa Kicherkesi. Vyumba vya huko havingemshangaza mtu wa Lamu: kuta nyeupe za chokaa zilizojaa zidaka, na humo sahani za kauri, bilauri na saa za kila namna. Makasha ya sisamu yalipigwa misumari ya shaba. Vitanda navyo vilikuwa virefu hata bibi hakuvipanda ila kwa kigoda au kwa kushikwa mkono. Chini yake walilala mayaya, wengi wao watumwa. Milango na madirisha vilikaa wazi usiku na mchana. Mtoto alikua kati ya watu, hajui upweke.

Alipohamia mjini, paa la sakafu la jirani yake, mfanyi biashara Mjerumani Heinrich Ruete, lilikuwa chini kidogo ya lake. Kutoka dirisha la juu aliwaona wageni wa jirani wakila karamu ya Kizungu. Mazungumzo yakaanza, mapenzi yakafuata. Ukuta ungalikuwa mrefu zaidi huenda mambo yangalikwenda vingine, lakini hayo anayajua Mungu.

Mwaka 1866 aliondoka kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka 1867, huko Aden, akabatizwa na kuolewa, jambo lililowauma sana jamaa zake. Hamburg alikuta nyumba za baridi, kila dirisha limefungwa na kila chumba kina mlango wake. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu. Mjane huyo akahama mji hata mji, akisomesha Kiarabu apate riziki. Aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi, kakaye Sultan Barghash alikataa kumpokea.

Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886. Siasa imo, lakini ajabu ni jinsi alivyokumbuka vyombo: hata rangi ya kijani ya mbao za zidaka hakuisahau, miaka 20 baada ya kuondoka.

Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa Unguja. Jumba la Mtoni likawa magofu. Jumba la kifalme la ufukweni mjini lilipofanywa makumbusho mwaka 1994, chumba kimoja kiliwekwa kwa kumbukumbu yake.