Maisha ya Tabibu Abu Bakr Ar-Razi na Subira Yake kwa Wagonjwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Miongoni mwa matabibu wakubwa waliopata kuwa katika nchi za Kiislamu ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Ar-Razi. Alizaliwa katika mji wa Rayy, karibu na ulipo Tehran leo, mwaka 251 wa Hijra, nao ni 865 wa Miladi. Aliisimamia hospitali ya mji wake, kisha akasimamia ya Baghdad. Wanazuoni wamemkosoa kwa maneno ya itikadi yaliyosimuliwa kwake, wala sisi hatumfuati katika hayo. Ama utabibu wake, watu wa dini zote waliuchukua kwa karne nyingi.

Alikuwa akiketi barazani, mbele yake wanafunzi wake, na mbele yao wanafunzi wa hao, na mbele yao wengine tena. Mgonjwa ajapo humweleza shida yake wa kwanza amkutaye. Wakiwa na ujuzi humtibu. Wasipojua hupelekwa kwa walio nyuma yao, mpaka jambo limfikie Ar-Razi mwenyewe. Basi waliomfikia yeye walikuwa wale waliowashinda wengine.

Na taabu ya tabibu si maradhi peke yake. Mara nyingi ni mwenye maradhi. Zama hizo watu walikuwa wakimletea tabibu mkojo wa mgonjwa, nao wataka ataje ugonjwa papo hapo bila kuuliza neno. Ar-Razi ameeleza ya kuwa alipoanza kazi aliazimu asiulize kitu akisha kuletewa mkojo, na watu wakamtukuza sana. Hata alipoanza kuwauliza wagonjwa habari zao kwa urefu, kama ipasavyo, heshima yake ikashuka. Tazama dhiki hiyo: alipokisia alisifiwa, na alipofanya kazi kwa haki alidharauliwa.

Mwingine angaliwatukana watu, au angalirudia kukisia ili apate sifa. Yeye hakuacha kuuliza. Akakaa akatafuta sababu, kama atafutavyo sababu ya homa. Akaandika risala juu ya kwa nini nyoyo za watu huwaacha matabibu bora zikawaelekea walio duni. Akaandika nyingine ya kubainisha ya kuwa tabibu hodari si yule awezaye kuponya kila ugonjwa, kwani hilo halimo katika uwezo wa mwanadamu. Ajuaye mpaka wake hakasiriki sana akiulizwa yasiyo katika mkono wake.

Tena ana kitabu kiitwacho Tibbu Ruhani, yaani utabibu wa roho, chenye milango 20, na mmoja katika hiyo ni wa kuiondoa ghadhabu. Humo asema ya kuwa ghadhabu imetiwa katika kiumbe ili ajikinge na mwenye kumdhuru. Lakini ikizidi hata akili ikapotea, madhara yake humrudia mwenye kughadhibika kuliko aliyeghadhibikiwa. Akataja habari aliyoisimulia Jalinus, tabibu wa Kiyunani, juu ya mama yake mwenyewe: kufuli likimshinda kulifungua, hulirukia akaliuma kwa meno. Je, kufuli laumia? Basi na tabibu amkemeaye mgonjwa mkaidi yu katika kuuma kufuli: ugonjwa u pale pale, na mlango haukufunguka.

Akawausia matabibu wamtazame maskini kama wamtazamavyo tajiri, na wazifiche siri za wagonjwa, kwa kuwa mtu humwambia tabibu asiyomwambia baba yake wala mama yake. Akaona yampasa tabibu kumtia mgonjwa tamaa ya kupona hata kama yeye mwenyewe hana yakini, kwani mwili hufuata hali ya nafsi. Wala hayakuwa maneno matupu: waandishi wa habari zake wamesimulia ya kuwa aliwahurumia mafakiri na wagonjwa, akawauguza, akawapa na posho.

Kisha naye akaonja udhaifu. Aliandika kwa mwaka mmoja zaidi ya karatasi 20,000 kwa khati ndogo kama ya hirizi, na kitabu kimoja kikubwa kikamshughulisha miaka 15, usiku na mchana, hata macho yakafifia na mishipa ya mkono ikaharibika, ikawa hana budi kutaka wengine wamsomee na wamwandikie. Mwisho wa umri wake akapofuka. Wengi wasema alikufa mwaka 313 wa Hijra, nao ni 925.

Ewe ndugu, nawe unayemuuguza mzee wako nyumbani, akatema dawa na kukusuta mbele ya watu, fahamu ya kuwa ukali wake ni sehemu ya ugonjwa wake, na ukali wako ni ugonjwa wa pili chumbani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotakwa wasia na mtu mmoja, alimkataza hasira, akakariri. Mwenyezi Mungu atujaalie subira kwa wagonjwa wetu, na awajaalie wengine subira kwetu siku tutakapougua sisi. Amin.