Pavlov na mbwa waliochanganyikiwa kwa kula nyama

Ukisikia jina la Ivan Pavlov, unakumbuka mbwa wanaotokwa mate kabla hata chakula hakijafika. Ila mwanasayansi huyu wa Urusi ana stori nyingine, ya ini na akili.

Alizaliwa mwaka 1849 mjini Ryazan, mtoto wa kasisi. Aliacha masomo ya dini akafuata sayansi. Akiwa St. Petersburg, yeye na wenzake waliwafanyia mbwa upasuaji ili damu inayotoka kwenye utumbo isipite kwenye ini. Mbwa hao walipokula nyama, walikuwa wakali, wakayumba, wengine wakapata degedege na kupoteza fahamu.

Kwa nini? Nyama ikimeng'enywa hutoa amonia. Ini huibadilisha ikatoka na mkojo. Ini likishindwa, sumu hiyo inafika kwenye ubongo.

Pavlov alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, akafariki 1936.

Leo, mgonjwa wa ini akianza kusahau, kulala mchana na kukesha usiku, au kuongea ovyo, usiseme karogwa au kalewa. Mpeleke hospitali haraka.