Pehr Henrik Ling: Je, ndiye baba wa masaji ya Kiswidi?

Ukiingia leo katika nyumba ya masaji Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, huenda ukakuta masaji ya Kiswidi ikiwa ya kwanza kwenye orodha ya bei. Wengi humtaja Pehr Henrik Ling kuwa mwanzilishi wake. Tukiyafuatilia maisha yake, tunaona kwamba alichosisitiza kilikuwa kitu kingine.

Ling, mtoto wa kasisi, alizaliwa kusini mwa Uswidi Novemba 15, 1776. Akiwa kijana alikwenda Copenhagen, Denmark, akajifunza mchezo wa vitara. Alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya mkono, na akagundua kuwa kadiri alivyofanya mazoezi ndivyo maumivu yalivyopungua. Aliporejea kwao akawa mwalimu wa vitara katika Chuo Kikuu cha Lund.

Mwaka 1813 alianzisha mjini Stockholm chuo cha mazoezi ya viungo kilichoungwa mkono na serikali. Hapo wagonjwa walisuguliwa, walibonyezwa na kutikiswa viungo, lakini hiyo ilikuwa sehemu tu ya tiba. Mgonjwa naye alipaswa kufanya kazi: kukunja na kunyoosha kiungo huku mwalimu akikizuia kwa mkono. Baadhi ya madaktari walimpinga, kwa kuwa yeye hakuwa daktari. Hata hivyo, mwaka 1831 chama cha madaktari cha Uswidi kilimpokea. Alifariki Mei 3, 1839.

Mbinu zinazotumika leo, yaani kupitisha viganja taratibu, kukanda, kusugua na kupigapiga, zilipangwa baadaye na Johann Georg Mezger, daktari wa Amsterdam aliyezaliwa mwaka 1838. Jina la Uswidi likabaki. La Mezger wachache wanalijua.

Masaji hulegeza misuli iliyokaza, hupunguza maumivu kwa muda na huituliza akili. Lakini mgongo unaouma kwa sababu ya kukaa kutwa nzima utauma tena iwapo mwenyewe hataunyoosha. Hilo Ling aliliona kwenye mkono wake mwenyewe.

Na mwenye homa, aliyevunjika mfupa au aliyevimba mguu mmoja ghafla asikimbilie kukandwa. Aende hospitali kwanza, kwani uvimbe wa namna hiyo unaweza kuwa dalili ya damu iliyoganda ndani ya mshipa.